Magunia Mia Juu ya Jeki Moja

Newala, 3 Agosti 2023

Kwa mke mwenzangu Shamila,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo lina ubishi, na nimeliambia litangulie kaburini likitaka, mimi bado nina kazi. Kuku wazima. Paa halivuji kwa sababu mvua hakuna. Wewe hujambo? Usikimbilie kusema hujambo, maana habari zako nimezipata.

Rajabu, yule kondakta wa basi la Masasi, kanishushia chumvi yangu, halafu akasimama anacheka. "Bi Mwanaheri, mjukuu wako nimemwona gereji kwa Fundi Godwin. Kavaa ovaroli, anachomelea vyuma." Nikamwambia umemfananisha, mjukuu wangu ni mhandisi, yuko Dar es Salaam, anakaa ofisi yenye feni. Akasema, "Ana kovu kidevuni, Bibi." Kovu hilo nalijua, ulianguka kutoka juu ya mkorosho, nikalisafisha kwa maji ya chumvi, ukapiga kelele wakakusikia Kitangari.

Haya, nieleze. Nimekulea tangu una miaka mitatu, nimeuza korosho ukasoma mpaka chuo kikuu, ili uje upigwe cheche za moto Masasi? Umeacha kazi lini, na nani alikuruhusu? Simu uliyoninunulia ninayo, naiwasha Ijumaa. Lakini maneno ya kugombana nayaandika. Nilijifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, nina mtoto mgongoni, na sikujifunza ili niandike salamu tu. Ukiyasahau, utayasoma tena.

Jambo la pili ni kubwa kuliko wewe. Tunajengewa tangi la maji. Tangi la zege, kubwa, la kijiji kizima. Mimi nimeshuka bondeni kufuata maji tangu nina miaka saba, ndoo kichwani, mlima ule unaujua. Kwa hiyo hakuna mtu Newala hii anayelitaka tangi kunizidi mimi. Lakini wamechagua kulijenga kwenye kile kiwanja kitupu nyuma ya shule. Pale ni shimo! Kabla hatujahamishwa kupelekwa kwenye vijiji vya ujamaa, pale palikuwa kwa mama yangu mkubwa, na alikuwa na shimo la kukingia maji ya mvua, kina chake watu watatu wakisimamiana mabegani. Tulipohamishwa, mimi nina mimba ya baba yako, likajazwa majivu, mabua, vyungu vilivyovunjika na mchanga. Nilijaza kwa mikono yangu. Wote waliojaza pamoja nami wamekufa. Nimebaki mimi, na mimi nasema pale ni shimo, wananiambia Bibi pumzika.

Sipumziki. Jibu upesi.

Bibi yako,
Mwanaheri binti Khalidi

*

Masasi, 12 Agosti 2023

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwanza, ili usiipasue barua kabla hujafika katikati. Mimi mzima. Goti lako lipake ile dawa niliyoituma, usimpe kuku.

Ni kweli niko kwa Fundi Godwin. Niliacha kazi mwezi wa tano. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeandika barua kama hii.

Bibi, pale Dar tulikuwa na mashine ya kupima ardhi kama inabeba jengo. Iliagizwa kutoka nje. Ilipoharibika kitu kidogo tu, mpira wa ndani ya jeki, tulisubiri miezi mitano mpira mwingine uje kwa meli. Miezi mitano watu wanajenga bila kupima. Nikawaambia wakubwa, hiki kitu tunaweza kukitengeneza hapa. Wakacheka. Mmoja akaniuliza kama nitatengeneza na ndege. Nikaandika barua ya kuacha kazi palepale kwenye meza yake.

Ninachotengeneza ni hiki. Sahani nene ya chuma, ya duara, upana wake kama ungo wako mdogo. Inalazwa chini kwenye udongo. Juu yake inakaa jeki kama ya lori. Juu ya jeki kunakuwa na jukwaa lenye mzigo mzito. Ukipampu, jeki inasukuma mzigo wa juu, mzigo haunyanyuki, kwa hiyo sahani inakandamizwa ardhini. Pembeni kuna boriti ndefu ya chuma isiyogusa sahani, na kwenye boriti nafunga saa ndogo zenye mshale. Sahani ikizama hata unene wa ukucha, mshale unasema. Chuma nimetoa kwenye chesisi ya lori bovu, sahani nimekerezewa Mtwara, jeki nimeifumua na kuiunda upya mwenyewe.

Kuhusu shimo, mimi nakuamini. Lakini mkandarasi hawezi kuandika kwenye karatasi zake kwamba Bi Mwanaheri anakumbuka. Anaandika namba. Namba hazina bibi wala mjukuu.

Mjukuu wako,
Shamila

*

Newala, 20 Agosti 2023

Kwa Shamila,

Salamu zako nimezipokea, marahaba. Dawa nimepaka, inanuka kama mbuzi dume.

Kwa hiyo kumbukumbu yangu haiandikiki? Haya. Nimekasirika siku mbili, nimemaliza. Huyo aliyekuuliza habari ya ndege, ulifanya vizuri kumwachia meza yake. Lakini kunificha miezi mitatu hukufanya vizuri, na hilo sijalimaliza.

Juzi kulikuwa na mkutano. Nilisimama mbele ya watu wote. Mhandisi wa mkandarasi, kijana mmoja anaitwa Cuthbert, viatu vyake safi kuliko sahani zangu, akasema wamekwisha kuchoma udongo kwa nondo sehemu tatu na ni mgumu. Nikamuuliza umechoma kina gani? Akasema mita moja na nusu. Nikamwambia baba, juu pale ni mchanga uliokanyagwa na watoto wa shule miaka hamsini, utakosaje kuwa mgumu? Nenda chini utakuta vyungu vya mama yangu mkubwa. Watu wakacheka. Mwenyekiti wetu, Bwanali, akasema, "Bi Mwanaheri anataka tangi lijengwe kitandani kwake." Wakacheka zaidi. Mama mmoja hakucheka, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba nazuia maji kwa roho mbaya.

Mimi! Nizuie maji!

Nilimwambia Cuthbert, mjukuu wangu ana mashine, atakuja kupima. Akauliza mashine ya wapi. Nikasema ya Masasi. Hapo akacheka yeye. Nikamwambia cheka uchoke, ukishachoka uniambie kama utakubali namba zake. Mbele ya watu akasema atakubali, mashine ikiwa na cheti. Nimemwambia arudie, akarudia. Bwanali ameandika kwenye muhtasari, nimesimama begani kwake mpaka akamaliza.

Sasa wewe una cheti? Na huo mzigo wa juu ya jukwaa unahitaji kilo ngapi?

Bibi yako

*

Masasi, 2 Septemba 2023

Bibi,

Shikamoo. Umenitia kwenye moto, lakini nashukuru.

Jeki nimeipeleka Dar kwenye maabara, wameibana kwenye mashine yao na kuona kwamba ikisema tani moja ni tani moja kweli. Cheti ninacho, kina muhuri.

Mzigo unatakiwa tani nane. Kawaida watu wanaleta lori lililojaa kokoto. Mimi sina lori. Vilevile itahitajika udongo uloweshwe kwanza, maana tangi likivuja siku moja, ardhi hii yenu nyekundu ikilowa hubadilika. Ndoo thelathini zitatosha.

Nitakuja tarehe 14 Oktoba. Nikikosa mzigo, sijui nitafanyaje.

Shamila

*

Newala, 10 Septemba 2023

Shamila,

Ndoo thelathini za maji zimwagwe mchangani, hapa Newala? Hebu soma tena ulichoandika kwa sauti, usikie kinavyosikika.

Nitazipata.

Mzigo nao usiulize habari ya lori. Oktoba ni korosho. Gunia moja ni kilo themanini, linapimwa kwenye mizani ya chama cha ushirika, halina ubishi. Magunia mia ni tani nane. Mimi mwenyewe nitakuwa na kumi na moja. Nimeanza kuzunguka. Rose, mke wa marehemu katekista, ametoa tisa, na ameniambia, "Bibi, zikichafuka nakudai wewe, simdai huyo mwenye jeki." Nimemwambia nidai.

Nimezunguka nyumba ishirini na sita. Kumi na nne wamenifungia mlango. Kumi na mbili zimetosha.

Bibi yako

*

Newala, 17 Oktoba 2023

Kwa Shamila aliyeondoka bila kuaga,

Salamu sina. Nikipata nitakutumia.

Nilikupikia. Chakula kimeliwa na kuku. Unapanda pikipiki mbele ya kijiji kizima, vumbi nyuma, mashine yako umeiacha uwanjani umechukua jeki tu, kama mtu aliyefumaniwa! Sikukulea hivyo.

Ndiyo, mshale ulitembea kabla hujagusa pampu. Nimeona. Watu wote wameona. Magunia mia juu, jeki haijasukuma hata chembe, na mshale unatembea wenyewe. Na Cuthbert akasema, "Mashine hii inapima pumzi za mwenye mashine," na watu wakacheka, na Bwanali akachekea mkononi. Ndiyo. Je, nani amekufa? Mimi wamenicheka tangu Agosti, umeona nimepanda pikipiki?

Sasa nisikilize, maana wewe ulikuwa unatazama mafuta ya jeki, na Cuthbert alikuwa anakutazama wewe, lakini mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda sina kazi, nikawa nautazama huo mshale. Ulikuwa unatembea jua likiwaka. Likaja wingu, lile moja la saa tano. Mshale ukasimama. Wingu likakaa, mshale ukaanza kurudi. Wingu likaondoka, ukaenda tena. Mara tatu, Shamila. Nilitaka kukuambia, ukawa umeshavaa helmeti.

Huo si udongo. Udongo haujui wingu. Bati la nyumba yangu asubuhi likipigwa na jua linalia ta, ta, ta, na jioni linalia tena likipoa. Chuma kikipata joto kinajinyoosha na kujikunja kama mtu anayeamka. Ile boriti yako ndefu uliyofungia saa, umeilaza juani, mgongo unaungua, tumbo liko kivulini. Itakosaje kujikunja? Na ikijikunja, si inabeba saa zako?

Mimi sikusoma. Wewe umesoma. Kaangalie.

Nimetandika mkeka wangu katikati ya kiwanja. Wakija na mtambo wao wa kuchimba watanikuta hapo kila siku kuanzia asubuhi. Nimewaambia sitoki mpaka kupimwe.

Bibi yako, ambaye chakula chake kimeliwa na kuku

*

Newala, 29 Oktoba 2023

Shamila,

Hujajibu. Rajabu anasema gereji upo, ila husemi na mtu.

Mnada wa kwanza wa korosho umepita na magunia yetu hayakwenda. Watu kumi na mbili wameacha kuuza kwa ajili yako. Hukuwaomba wewe, niliwaomba mimi, kwa hiyo wanapokuja kuuliza wanakuja kwangu, na wanakuja kila siku. Rose peke yake haulizi. Analeta uji, anakaa nami kwenye mkeka, anashona.

Nimeitwa ofisi ya kata. Wameniambia nazuia mradi wa serikali. Nikawauliza, mnataka tangi au mnataka kujenga tangi? Maana hivyo ni vitu viwili. Wakaniambia nitachukuliwa hatua. Nikasema chukueni, ila mnibebe na mkeka, goti halikunji.

Mtambo ulikuja juzi. Dereva alizima akashuka akanisalimia shikamoo. Nikamwitikia. Akakaa kivulini mwa mtambo wake mpaka saa nane, akaondoka. Wamenipa mpaka Jumamosi tarehe nne. Baada ya hapo watakuja na polisi.

Kama unaona haya, njoo nayo. Hapa uwanja ni mkubwa, itapata pa kukaa.

Bibi

*

Masasi, 1 Novemba 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia barua hii nikiwa nimepiga magoti, muulize Fundi Godwin, ananicheka.

Niliporudi nilifumua jeki mara nne nikitafuta mafuta yanavuja wapi. Hayavuji popote. Barua yako ya tarehe kumi na saba niliiweka bila kuifungua kwa sababu nilijua ni ya matusi. Ya tarehe ishirini na tisa ilipofika ndipo nikaona aibu, nikafungua zote mbili.

Nikatoa boriti ndogo niliyonayo hapa, nikailaza nje ya gereji juani, nikafunga saa. Hakuna mzigo, hakuna jeki, hakuna udongo, sakafu ya saruji tupu. Kufika saa sita mchana mshale ulikuwa umetembea milimita moja na nusu. Nikamwambia Godwin asimame ashike turubai juu yake. Ukarudi. Akaondoa, ukaenda. Akaniuliza tunacheza nini. Nikaanza kulia, akafikiri nimeungua.

Bibi, hili jambo nilifundishwa. Lipo kwenye vitabu, mstari mmoja, boriti ikingwe na jua. Pale Dar tulipima chini ya hema kila siku, na sikuwahi kujiuliza hema ni la nini. Nilidhani ni letu sisi.

Nimetengeneza fremu ya mabomba na turubai la kuikinga boriti yote. Vigingi vyake nimevisogeza mbali na sahani. Nakuja Jumamosi asubuhi na mapema, kabla ya polisi. Usitoke kwenye mkeka.

Mjukuu wako asiye na adabu,
Shamila

*

Masasi, 6 Novemba 2023

Kwa Bibi,

Shikamoo Bibi. Natumaini umepumzika, na watu wa magunia wameshayapeleka mnadani.

Naandika haya kwa sababu jana nilishindwa kukuambia ana kwa ana. Ulikuwa unafurahi na sijakuona ukifurahi hivyo tangu nimalize chuo.

Kwanza yale uliyoyaona. Nyuma ya shule, chini ya turubai, mshale ulitulia kama umegandishwa mpaka nilipoanza kupampu. Udongo umeloweshwa, tani mbili, sahani ilizama milimita tisa. Tani tatu, kumi na tisa. Tani nne, arobaini na moja, na ilikuwa bado inazama nilipoacha. Uliona uso wa Cuthbert. Alipiga magoti na viatu vyake, akasoma saa mwenyewe, akasoma tena, na alipochimba pembeni kwa sururu mpaka chini ya ule mchanga mgumu akatoa kile kipande cha chungu, wewe ndiye uliyesema, "Hicho ni cha mama yangu mkubwa, lete hapa." Hakuna aliyecheka.

Halafu Bwanali akasema basi tupime sehemu nyingine ili maji yasichelewe, na tukapima kesho yake kutwa. Kando ya barabara, sahani ilizama sana. Kwenye mteremko wa kanisani, afadhali, lakini ukimwaga maji inaanza upya kuzama. Sehemu ya tatu ulisema mwenyewe, "Pimeni na kwangu, msiseme nimejificha." Ukaenda kutafuta ndoo za maji, ukazituma kwa vijana, hukuona mwisho wake.

Bibi, kwako ni pagumu. Tani saba, udongo umelowa, milimita nne tu, ikasimama. Ni palepale kwenye mikorosho mitatu aliyopanda Babu. Sahani ilikuwa katikati yao. Tangi likikaa hapo, yote mitatu itaondoka.

Nimempa Cuthbert karatasi za sehemu zote, lakini nimemwomba asiseme kwa siku tano. Naweza kutafuta sehemu ya nne. Inabidi iwe mbali kidogo, mabomba yataongezeka, mvua inakaribia, lakini naweza. Sema neno moja tu.

Najua watu watasema nini. Watasema ulitaka tangi kitandani kwako tangu mwanzo, na mjukuu wako amekupikia namba.

Shamila wako

*

Newala, 11 Novemba 2023

Kwa mke mwenzangu,

Marahaba. Mimi mzima. Goti limepata haya, linakunja.

Uliogopa kuniambia? Nimekaa kwenye mkeka siku kumi na nane, nimetishiwa polisi, nimefungiwa milango kumi na nne, na wewe ukaona kitakachonivunja ni miti mitatu? Umenitukana. Nimekusamehe, lakini umenitukana.

Ni wewe uliyeniandikia kwamba namba hazina bibi wala mjukuu. Barua ninayo, ya tarehe kumi na mbili Agosti. Sasa namba zikinigeukia mimi ndiyo unatafuta sehemu ya nne? Kama nilitaka ipimwe kwa shimo la mama yangu mkubwa na nisitake ipimwe kwa mikorosho yangu, basi Bwanali alisema kweli, nilikuwa nazuia maji. Sitampa Bwanali furaha hiyo. Hata nikifa sitampa.

Hiyo mikorosho mume wetu Shamte aliipanda mwaka tuliohamishiwa hapa. Tulikuwa hatuna kitu, tuna huzuni, na yeye akachimba mashimo matatu kabla hajachimba la choo, nikagombana naye. Ndiyo iliyokusomesha. Kila mwaka ikianza kutoa maua namsikia akijisifu. Sikuambii haya ili unionee huruma. Nakuambia ili ujue kinachokatwa, maana kitu kisiwe kinakatwa bila mtu kujua.

Nilimwita Cuthbert juzi, nikamwambia nakijua unachokificha kwapani, kitoe. Akatoa. Nikaenda mkutanoni nikasema mbele ya wote. Yule mama aliyesema nina roho mbaya akafungua kinywa aseme nilipanga. Rose akasimama. Rose, ambaye hajawahi kusimama mkutanoni tangu mumewe afe. Akasema, "Aliyepanga kukata miti yake mwenyewe na anyooshe mkono tumwone." Nikakaa, goti lilikuwa linauma.

Jana nimeleta panga. Wa kwanza nimeupiga mimi, mapigo matatu. Si kwamba nina nguvu, ila sikutaka uanzwe na mtu asiyemjua Shamte. Vijana wakamalizia kwa msumeno. Kuni zimegawanywa kwa zile nyumba kumi na mbili. Zile kumi na nne nazo nimezipa kidogo, ili zipikie zikijua.

Sasa kazi yako wewe. Hilo turubai ulilofunga ni baya, linapigwa na upepo, na rangi yake nyeusi inachemka. Litafute jeupe, lifunge pande zote mpaka karibu na chini. Na kila mashine utakayotengeneza itoke gerejini na kivuli chake, kisiwe kitu cha kununuliwa baadaye. Mtu atakayenunua bila kivuli usimuuzie. Mwambie bibi yako amekataa.

Bibi yako,
Mwanaheri binti Khalidi

*

Masasi, 20 Mei 2024

Kwa Bibi,

Shikamoo. Mimi sijambo, Godwin anakusalimu, mkewe amejifungua mtoto wa kike.

Tumemaliza mashine ya nne. Mbili zimekwenda Lindi kwa watu wa barabara. Moja ameichukua Cuthbert kwa kampuni yake. Kila moja ina turubai jeupe na fremu yake, na kwenye kila boriti nimegonga kwa herufi za chuma, WEKA KIVULI KWANZA. Mteja mmoja aliniuliza kama anaweza kupunguziwa akiiacha fremu. Nilimpa jibu lako.

Nasikia tangi litajazwa mwezi ujao. Siwezi kuja, niko Lulindi napima msingi wa madarasa ya shule. Andika uniambie. Andika yote.

Shamila

*

Newala, 23 Juni 2024

Kwa mke mwenzangu Shamila,

Marahaba. Mimi mzima, wa nyumbani wazima, Rose anakusalimu, amenunua miwani anajiona mwalimu.

Tangi limejazwa. Walijaza kidogokidogo siku tatu, na Cuthbert aliweka boriti yako pembeni ya msingi, na saa zako nne, kuona kama litakaa. Nilikwenda na kigoda changu. Asubuhi nilipofika nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, maneno nilikuwa nayo mdomoni tayari. Nikakuta kivuli kimeshawekwa. Kimefungwa mpaka chini. Nikakaa bila kazi ya kufanya, nikaudhika kidogo.

Siku tatu, milimita tatu, kisha likasimama. Alinionyesha mwenyewe mshale. Nikamwambia sogea, unaniziba, nikatazama kwa macho yangu.

Bomba lilifunguliwa Ijumaa. Bwanali alitaka nifungue mimi, na wapiga picha wapo. Nimekataa. Nimemwambia afungue yule mama aliyesema nina roho mbaya. Akafungua, maji yakamrukia mpaka kifuani. Tumecheka sana, na yeye pia.

Mimi nilichota ndoo yangu mwishoni. Sikuibeba kichwani. Niliburuta mpaka nyuma ya shule, kwenye lile shimo. Nimepanda miche mitatu pale, mbegu za mikorosho ya mume wetu, niliziweka kabla ya panga. Tangi halikai pale, lakini mzizi unashuka kama kwenye unga, majivu ya mama yangu mkubwa yote yako chini yanausubiri.

Bwanali amekuja kuuliza nani ameniruhusu kupanda kwenye kiwanja cha kijiji.

Nimemwambia aje ang'oe. Mkeka wangu ninao.

Bibi yako,
Mwanaheri